Sura ya Tisa: Anayeanguka Akifumba Macho

Inspekta Egbert aliiweka ile chupa katikati ya meza kama mtu anayeonyesha kombe alilolishinda, akaigeuza ili alama ya fuvu la kichwa imtazame Sajenti Kashaija usoni.

"Kesi imekwisha, Sajenti. Wewe kamalizie maelezo ya mlalamikaji tu. Kesho mwanamke huyu anasimama kizimbani."

Kashaija hakuitazama chupa. Alitazama nyota za begani kwa Egbert. Waliingia upolisi pamoja, wakalala kitanda cha juu na cha chini katika bweni moja, na enzi hizo Egbert ndiye aliyekuwa akinakili majibu kwake. Leo nyota zinang'aa kwa mwenzake, na yeye ndiye anayepiga saluti. Kila alipoinua mkono kuipiga, kitu kilimchoma chini ya mbavu, naye alilijua jina lake. Ulikuwa wivu, wala hakuuonea haya. Wivu ndio uliomfanya asome jalada mara mbili pale ambapo wengine walisoma mara moja.

Jalada lilisema hivi. Deodatha, mke wa ndoa ya kanisani wa Jovin, mkulima wa migomba na kahawa wa Chonyonyo, alikuwa amelazwa hospitalini, miguu imemkataa. Alimtaja aliyemfanyia: Niyigena, mke mdogo, ambaye Jovin alimjengea nyumba ndani ya ua uleule, mlango ukitazama mlango. Kila asubuhi, alisema Deodatha, Niyigena alimletea maziwa, naye akayanywa, na ndani ya maziwa hayo ndimo alimotiliwa kitu. Egbert akapekua nyumba ya Niyigena, akaikuta chupa chini ya kitanda, akamtia pingu mbele ya watoto wake. Majirani walipiga makofi. Mmoja aliuliza kama wanaruhusiwa kuichoma nyumba sasa hivi au wasubiri hukumu.

"Chupa hii alinunua lini?" aliuliza Kashaija.

"Lini inakusaidia nini? Sumu ni sumu."

"Na mgonjwa alianza lini kuumwa?"

Egbert alicheka, akamwambia kwamba watu wanaouliza sana maswali ya namna hiyo ndio wanaostaafu na V za usajenti mkononi. Kashaija akapiga saluti. Pale chini ya mbavu pakachoma. Akatoka.

Niyigena alikuwa mahabusu, amekaa sakafuni na kitenge kimefunika kichwa. Hakulia wala hakujitetea sana. Alisema dawa ile ni ya kupe, aliletewa na kaka yake Hagenimana anayeishi Isingiro, upande wa Kyerwa, na anayetaka kujua zaidi amuulize huyo. Kashaija aliwasha pikipiki ya kituo, akashika njia ya Kyerwa, akishuka mabonde na kupanda vilima mpaka vumbi likamgeuza rangi.

Alimkuta Hagenimana zizini, bomba la kunyunyizia likiwa mgongoni, anaogesha ng'ombe. Mtu huyo hakuacha kazi yake. Harufu iliyotoka kwenye bomba ilikuwa ileile iliyotoka kwenye chupa ya Egbert.

"Mmemfunga dada yangu kwa dawa ya kupe," alisema bila kugeuka. "Basi nifungeni na mimi, na hawa ng'ombe muwabebe, maana wote wameoga sumu."

Kashaija alimwacha amalize hasira, kisha akauliza taratibu. Kupe walizuka baada ya Pasaka, alieleza Hagenimana. Mganga wa mifugo wa kata alipita kila boma akiwaambia waogeshe, na siku hiyohiyo ndipo alipomgawia dada yake chupa moja. Mganga wa mifugo, alipopigiwa simu, alisema vilevile. Kashaija akakumbuka mstari mmoja wa jalada ambao Egbert aliuruka: Krismasi iliyopita, Deodatha alikwenda ibadani akitembelea fimbo. Fimbo ilitangulia, chupa ikafuata.

Lakini hilo halikumtoa Niyigena. Wakili mkali angesema alitumia kitu kingine kabla ya chupa. Kashaija akauliza ng'ombe walioko kwa Jovin ni wa nani.

"Wa dada yangu, wote. Baba alimpa. Jovin alikuwa na ng'ombe wake mmoja, akafa kwa ndigana, ile homa ya kupe, mwaka uleule alipomleta dada. Tangu hapo katika ua ule hakuna tone la maziwa ambalo halitoki kwa Niyigena."

"Naye anampelekea mke mkubwa kwa hiari?"

Hagenimana alizima bomba. Kwa mara ya kwanza alimtazama sajenti usoni, na kona ya mdomo wake ikacheza.

"Nikwambie kweli, Afande? Hampelekei kwa huruma. Anampelekea ili Jovin aone kila siku nani anamlisha nani."

Kashaija aligeuza pikipiki akirudi Karagwe, akiwaza kwamba sasa anao wanawake wawili, kila mmoja na silaha yake, na bado hajui ni ipi iliyojeruhi.

Huko Chonyonyo alimwendea kwanza Auleria, mjane ambaye shamba lake la migomba linapakana na ua wa Jovin kwa nyuma. Alimwamkia shikamoo, akakaribishwa kwenye kigoda, akaletewa kikombe cha chai. Bibi aliongea kwa uangalifu wa mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Hakuona kitu. Hakusikia kitu. Deodatha ni mtu wa Mungu, Niyigena ni mtu wa Mungu, Jovin naye Mungu atamsaidia.

Kashaija alikunywa chai. Ilikuwa nzito, nyeupe, na juu imeshika utando wa mafuta. Alitupa jicho uani. Hapakuwa na zizi, hapakuwa na mbuzi aliyefungwa, wala samadi iliyorundikwa penye migomba. Alikuwapo kuku mmoja tu, naye alikuwa amekonda.

"Mama, chai tamu. Maziwa haya ya ng'ombe wa nani?"

Auleria alishusha kikombe chake. Mawe yalikuwa yameisha mtoni.

Hapo akaeleza, na alipoanza hakunyamaza. Kila asubuhi Niyigena huja na kyanzi, kile chombo cha mti cha maziwa, akabisha mlangoni kwa Deodatha huku Jovin akiona. Deodatha hupokea, husema asante, hufunga mlango. Kisha hutoka kwa mlango wa nyuma, hupitisha maziwa juu ya ua, humwagia Auleria kwenye sufuria. Imekuwa hivyo tangu mtoto wa kwanza wa Niyigena akiwa mgongoni, na sasa mtoto huyo anavaa sare za shule. Auleria aliapishwa kwa jina la marehemu mumewe asimwambie mtu. Hata mahakamani hatakwenda kulisema, wamfunge wakitaka.

"Na wewe miguu yako ikoje?"

Bibi alishangaa swali. Akasema miguu yake inampeleka kisimani na kumrudisha, ndoo ikiwa kichwani.

Basi maziwa yalikuwa safi. Kashaija alihisi kesi ya Egbert ikipasuka kama kibuyu kilichodondoka, na furaha iliyompanda haikuwa nzuri sana, lakini aliimeza kwa chai. Likabaki swali kubwa zaidi. Kama hakuna aliyemtilia kitu, miguu imekwenda wapi?

Alimwomba Auleria amsimulie ugonjwa tangu mwanzo. Ulianzia nyayoni, alisema bibi. Deodatha alilalamika anatambaliwa na siafu, akitazama haoni siafu. Baadaye akawa anakanyaga chini kama anakanyaga pamba. Siku moja alirudi toka shambani na ndala moja, nyingine imemvuka njiani bila yeye kujua. Vidole vya mikono navyo vikafuata, akawa anafungiwa vifungo vya blauzi na watu wengine.

"Halafu kanisani," bibi akashusha sauti. "Mchungaji akisema tusimame tuombe, tukafumba macho, Deodatha anaanguka. Wiki hii anaanguka, wiki ijayo anaanguka. Akifumbua macho anasimama. Watu wakasema aliyemtupia jini hataki aombe."

Kashaija hakuwa daktari, lakini kitu kinachomwangusha mtu akifumba macho tu alikiona kuwa na utaratibu kuliko jini lolote alilowahi kusikia. Akauliza Deodatha anakula nini.

Ndizi, maharage, viazi, mchicha. Vya shamba lake mwenyewe, alivyovipika mwenyewe.

"Kuku?"

"Bibi yake alimlea kizamani. Kwa kina mama wa zamani kuku haliwi, wala yai."

"Mbuzi?"

"Mbuzi naye vilevile."

"Senene je?"

Auleria alicheka kidogo. Senene Deodatha anawakamata, anawachambua, anawakaanga vizuri kuliko mwanamke yeyote wa pale, kisha anawapa wanaume. Kwa bibi yake mwanamke aliyeonja senene alifukuzwa jikoni. Samaki na dagaa humtapisha tangu mimba yake ya mwisho.

"Nyama ya ng'ombe?"

"Jovin akinunua nyama anaipeleka anakolala. Inapikwa kule, bakuli linaletwa huku. Deodatha alale njaa mara saba kabla hajala bakuli lililotoka mlango ule."

"Kwa hiyo zamani, katika vitu vyote vitokavyo kwa mnyama, alikuwa anatumia kimoja tu."

"Maziwa," alisema Auleria. "Alikuwa akiyapenda mno. Ya ng'ombe yule aliyekufa."

Daktari Kokushubira, aliyemlaza Deodatha, alimsikiliza akiwa amesimama kwenye korido ya wodi ya wanawake, na kadiri Kashaija alivyoendelea ndivyo mikono ya daktari ilivyoacha kugeuzageuza kalamu. Alimfanya arudie habari ya kanisani. Kisha akamvuta ofisini, akafunga mlango, na hasira aliyokuwa nayo haikuwa ya kumwelekea sajenti.

Alisema alishaliwaza hilo tangu siku ya kwanza. Ulimi wa mgonjwa ulikuwa mwekundu na laini kama uliopigwa msasa, na chembe zake za damu zilikuwa chache na kubwa kupita kiasi. Dalili zote zilielekeza kwenye vitamini B12, ile ambayo mwili unaipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, na ambayo ndizi na maharage havina. Mwili huwa na akiba yake ya miaka, kwa hiyo mtu hadhuriki mwezi huu wala ujao. Akiba ikiisha, neva za uti wa mgongo zinaanza kuvuliwa ngozi inayozifunika.

"Ndiyo maana anaanguka?"

"Miguu hupeleka habari kichwani kupitia uti wa mgongo. Hapa pana jiwe, hapa pana utelezi. Kwake njia hiyo imeharibika. Amekuwa akisimama kwa msaada wa macho. Akiyafumba, hajui tena miguu yake iko wapi."

"Kama uliliwaza, kwa nini hukumtibu?"

Daktari alitoa cheko fupi lisilo na furaha. Alimuuliza mgonjwa anakula nini, akajibiwa kwamba anakunywa maziwa kikombe kikubwa kila asubuhi bila kukosa. Alimuuliza tena, akaapa. Mtu anayekunywa maziwa hivyo kwa miaka hafiki hapa, basi akaacha njia hiyo, akaanza kutafuta uvimbe mgongoni, kifua kikuu cha mifupa, na sumu ambayo polisi walikuwa wakiishangilia. Sampuli ya kupima vitamini yenyewe ilikuwa bado Mwanza. Siku zote hizo uti uliendelea kuharibika.

Kashaija alielewa. Uongo aliousema Deodatha ili kumfunga mwenzake ndio uliokuwa ukimfunga yeye miguu.

"Sindano ya kwanza anachomwa sasa hivi," alisema daktari. "Neva zilizokwisha kuharibika sana sikuahidi kwamba zitapona. Huenda akatembea. Huenda akatembea na fimbo."

Wakati Kashaija anaingia wodini, muuguzi alikuwa akitoka na kisahani cha sindano. Deodatha alikuwa ameegemea mito, uso umempauka, macho makali. Miguu ililala chini ya shuka kama vitu alivyowekewa na mtu mwingine.

"Pole kwa kuumwa, Ma Deodatha."

"Ahsante, Afande. Analia?"

"Nani?"

"Niyigena. Huko mlikomweka, analia?"

Kashaija alisema halii. Deodatha aliuliza kama analala chini. Akauliza kama wamemnyoa. Kisha, huku akivuta uzi wa shuka kwa vidole visivyoushika, akaliuliza swali alilokuwa akilizunguka, kama Jovin amekwenda kumwona.

"Jana alikwenda."

"Na chakula?"

"Wali na nyama."

Uso wa mwanamke ulijikunja, ukakunjuka. Alisema mume wake huja hapa na uji wa hospitali.

Kashaija alivuta kiti. Alimweleza yote bila kuficha: kyanzi, mlango wa nyuma, sufuria ya Auleria, miguu ya Auleria iliyo mizima. Akamweleza daktari alichosema juu ya maziwa na uti wa mgongo. Deodatha alisikiliza bila kupepesa. Habari ya uti ilipofika, alitazama miguu yake kwa muda mrefu, na sajenti akadhani amemshika.

"Auleria mlevi," alisema hatimaye.

"Hanywi pombe. Anakunywa maziwa yako."

"Atakuja mahakamani?"

Kashaija alitikisa kichwa. "Amekataa."

"Basi mimi nilikunywa. Kila siku. Hii sindano mtanichoma nikiwa nilikunywa, mtanichoma nikiwa sikunywa, daktari ameshaagiza. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi unataka nini kwangu? Nikiyabadilisha maneno, leo jioni huyo anarudi katika ua wangu. Mimi nimelala hapa, miguu sina, yeye anamtandikia mume wangu kitanda. Mwenye pete ni mimi, Afande. Miaka yote nimeitazama taa ya nyumba ile ikizimwa, nikijua aliyemo. Angalau zamu hii nami nilale nikijua amelala vibaya."

Sajenti Kashaija alilaza daftari la maelezo magotini. Alikuwa amekuja na sheria ya ushahidi wa uongo kichwani, na kifungo chake, akaona haitamtisha mtu aliyekwisha kuishi kifungo kama hicho. Akafikiria nyota za Egbert. Akafikiria kipi kingemfanya yeye mwenyewe atamke kweli mbele ya Egbert, hata kama kweli hiyo ingemwangusha. Si woga. Ni kuambiwa mbele za watu kwamba amesaidiwa na Egbert.

Akatoa kalamu.

"Sawa, Ma Deodatha. Ndiyo kazi yangu, naandika unavyosema. Nitakusomea, kesho hakimu atayasoma tena, na watu wa Chonyonyo watakuwapo ukumbini." Akaandika polepole, akisoma kila alichoandika. "Mimi, Deodatha, mke mkubwa wa Jovin, nathibitisha kwamba tangu ng'ombe wetu afe sikuwa na maziwa yangu. Niyigena ndiye aliyenilisha..."

"Aliyeniletea."

"Umesema ulikunywa. Aliyekuletea ukanywa amekulisha. Niyigena ndiye aliyenilisha miaka yote. Kila asubuhi nilimsubiri mlangoni, nikapokea kwa mikono miwili..."

"Mikono miwili nani?"

"Chombo kizito kinapokewaje? Nikapokea kwa mikono miwili, nikanywa mpaka tone la mwisho, nikamshukuru. Maziwa yake yalikuwa matamu nami niliyategemea..."

"Futa."

Kashaija aliendelea kuandika. "...wala sikuwahi kulala bila kuonja cha mkono wake..."

"Nimesema futa." Deodatha alikuwa ameinuka kwenye mito, amejishika kwa viwiko, na pumzi zinamtoka kama mtu aliyepanda kilima. Muuguzi aligeuka toka kitanda cha pili. "Hakunilisha. Hayupo mwanamke aliyenilisha mimi katika ua wangu. Sikuonja. Unasikia? Wala tone. Niliyanusa yakiwa na moto wa kiwele, mate yakanijaa, nikayapeleka uani. Siku nyingine nilikuwa na njaa mpaka naona giza, nikayapeleka uani. Andika hivyo."

"Unajua nikiandika hivyo anatoka leo?"

Nje ya dirisha mtu alikuwa akiita jina la mgonjwa wake. Machozi yalimshuka Deodatha bila uso wake kubadilika.

"Andika," alisema. "Na uandike kwamba alibisha kila siku na hakunishinda hata siku moja."

Kashaija alichana karatasi ya kwanza, akaandika ya pili. Aliandika neno kwa neno, pamoja na lile la mwisho, ingawa alijua Egbert atalicheka na hakimu hatalihitaji. Alimwita muuguzi awe shahidi. Kisha akafungua kidau cha wino, akakishika karibu, kwa sababu mkono wa mwanamke ulikuwa ukitafuta mahali pake hewani.

Deodatha alikitazama kidole gumba chake kikizama katika wino. Alikitazama kikishuka kwenye karatasi, akakikandamiza, akakaa hivyo, akisubiri mguso ambao haukuja.

"Kimegusa?" aliuliza.

"Kimegusa, Ma Deodatha."